Shamba la mihogo au la michikichi? Namna ya kuisoma hesabu ya ardhi ya mazao ya kudumu

Mwaka 2020, Sensa ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ilipofika Simbo, mkoani Kigoma, nilikuwa nimeketi na baba mkubwa pembeni mwa shamba lake. Mdadisi alikuja na dodoso, akamwamkia mzee shikamoo, akapewa kigoda, akaanza kuuliza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye kipande cha ekari moja kilicho nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na miche ya michikichi aina ya tenera iliyopandwa msimu uliotangulia, ikiachiana mita tisa, majani yake bado yamelala karibu na udongo. Katikati ya miche mihogo ilikuwa imesimama hadi kifuani mwa mtu. Mpita njia asingejua kwamba kuna mchikichi hata mmoja.

"Mzee, hili niandike shamba la mihogo au la michikichi?"

"Mwanangu," baba mkubwa akamjibu, "ukiniuliza leo ni la mihogo, maana ndiyo tunayokula. Ukirudi baada ya miaka minne utalikuta la michikichi."

Nilikumbuka maneno hayo juzi, mpwa wangu wa kidato cha sita aliponiletea jedwali la nchi za visiwa. Lilionesha sehemu ya ardhi ya kila nchi iliyo chini ya mazao ya kudumu. Komoro ilikuwa karibu na asilimia 30. Sao Tome na Principe na Kiribati zilikaribia 40. Tanzania haikufika hata 3. Akaniuliza, "Mjomba, ina maana Wakomoro wanajua kilimo kuliko sisi?" Nikamwambia hapana, halafu nikaona kwamba hapana tupu haitamsaidia, kwa sababu jedwali lile limebeba mambo mengi yaliyofungwa pamoja kama kuni za mafungu tofauti zilizofungwa kwa kamba moja.

Tuanze na maana. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hugawa ardhi ya kilimo mafungu matatu. La kwanza ni ardhi ya mazao ya msimu: mahindi, maharage, mpunga, tumbaku ya ndugu zetu wa Urambo, pamoja na shamba lililopumzishwa kwa muda usiofika miaka mitano. La pili ndilo hili la mazao ya kudumu, yaani mimea inayokaa shambani miaka mingi bila kupandwa upya kila baada ya mavuno: minazi, mikahawa, mikarafuu, mikakao, miembe, mizabibu, michikichi. La tatu ni malisho ya kudumu.

Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka haraka, lakini shambani una makona. Muhogo unaweza kukaa ardhini mwaka mmoja na nusu, lakini ni zao la msimu, maana ukiung'oa umekwisha. Mgomba ni wa kudumu, kwa sababu ukikata mkungu, chipukizi limeshasimama pembeni linangoja zamu. Muwa nao huchipua ukikatwa, lakini kwenye takwimu umewekwa upande wa msimu. Ndiyo sababu Morisi, kisiwa ambacho miwa imeota karibu kila ulipo uwanda, kinaonekana katika majedwali kuwa na ardhi kidogo mno ya mazao ya kudumu.

Miti nayo ina mambo yake. Miti ya mbao haihesabiwi humu. Mtu akikata michikichi yake mizee akapanda mikaratusi, ardhi yake imehama kutoka kilimo kwenda msitu, ingawa ukiiangalia kutoka barabarani bado ni kijani kilekile. Mpira ndio wenye makao mawili: kwenye takwimu za matumizi ya ardhi ni zao la kudumu, na kwenye tathmini ya misitu ya FAO hiyohiyo mashamba ya mpira huingizwa katika misitu. Mchikichi haukupewa nafasi hiyo. Hata ukifunika kilima kizima, kwa hesabu hizo kilima hicho ni shamba.

Sasa tugeukie ile asilimia, kwa sababu ndiyo iliyomchanganya mpwa wangu. Komoro, bila kisiwa cha Mayotte kilicho chini ya Ufaransa, ina kilomita za mraba 1,861 hivi. Nchi kavu ya mkoa wa Kigoma peke yake ni kama kilomita za mraba 37,000. Visiwa vyake vya Ngazija, Nzwani na Mwali vikiwekwa pamoja vingeingia katika mkoa wetu karibu mara ishirini. Shelisheli ni ndogo zaidi, kilomita za mraba 455, yaani hekta 45,500. Huko hekta elfu moja zikipandwa minazi au zikiachwa, jedwali litapanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 2. Hekta elfu moja zikipandwa michikichi hapa Kigoma, asilimia ya Tanzania haitatikisika hata kwenye tarakimu ya pili baada ya nukta. Kwa hiyo asilimia kubwa ya kisiwa inakuonesha kwanza udogo wa kisiwa chenyewe, kabla haijakwambia lolote kuhusu bidii ya watu wake.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwanafunzi wa jiografia alijue. Nchi nyingi ndogo hukaa miaka mingi bila sensa ya kilimo. Katika miaka hiyo FAO hujaza nafasi kwa makadirio, na kuyawekea alama ya kuyatambulisha. Ukichora grafu ya nchi kama hiyo unaona mstari umenyooka miaka kumi, hekta zilezile hazipungui wala haziongezeki, kana kwamba katika kisiwa chote hakuna mti uliokatwa wala mche uliopandwa. Halafu sensa inafanyika, namba inaruka, na msomaji anaandika kwamba mwaka ule wakulima walipanda sana. Pengine hawakupanda chochote. Kilichotokea ni kwamba mtu alikwenda kuhesabu.

Hata hivyo nisionekane nasema kwamba namba zote hazina maana. Baadhi ya visiwa kweli vimejaa miti kuliko mazao ya msimu, na vina sababu zake. Kiribati ni visiwa 33 vilivyotawanyika katika bahari ya Pasifiki, sehemu kubwa ya nchi ikiwa mita chache tu juu ya bahari. Udongo wake ni mchanga wa matumbawe, na maji matamu ni tabaka jembamba lililoelea juu ya maji ya chumvi. Mahindi hayana la kufanya pale. Mnazi unaweza, mshelisheli unaweza, mkadi unaweza. Ardhi ya mazao ya msimu haifiki hata asilimia 3. Huko mti ulichaguliwa na mchanga.

Sao Tome na Principe ina historia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kisiwa kile cha Wareno kilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa kakao duniani, kwa jasho la watu waliochukuliwa Angola na kwingineko kwa mikataba ya kazi isiyotofautiana sana na utumwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, mashamba makubwa yakawa mali ya serikali, uzalishaji ukaanguka, na katika miaka ya 1990 ardhi ikaanza kugawiwa familia. Katika kipindi hicho chote mikakao mingi ilibaki imesimama chini ya miti ya kivuli, mingine ikiwa haipaliliwi wala haichumwi. Mti hauondoki shambani kwa sababu mwenye shamba ameondoka. Hapo hekta inaweza kubaki kwenye kitabu wakati mavuno yameshakwisha.

Komoro ningependa kukaa nayo zaidi, kwa sababu Wangazija ni watu wetu wa karibu na kwa sababu kule mtu anaona kila kona ya jambo hili mara moja. Mazao yao ya biashara ni matatu, vanila, karafuu na langilangi, na yote matatu ni ya kudumu. Langilangi tunalijua kwa harufu, ua la manjano lenye petali ndefu zilizolegea, linalotiwa kwenye vikuba vya wanawake wa pwani. Mti wenyewe ukiachwa hupanda juu kuliko nyumba. Wakomoro huukata kichwa ukiwa mdogo na kuyalazimisha matawi yake yainame, mpaka unakuwa kama mzee aliyepinda mgongo, ili mchumaji afikie maua akiwa amesimama chini. Maua huchumwa alfajiri, kwa kuwa jua likipanda harufu hupungua. Kisha hutiwa kwenye mtambo wa kukeneka, moto unawaka saa nyingi, na mafuta yanayotoka mwanzo ndiyo ghali kuliko yanayotoka mwisho. Komoro imekuwa kwa miaka mingi muuzaji mkubwa wa mafuta hayo kwa watengeneza manukato.

Angalia kinachotokea hapo. Moto ule unahitaji kuni, na kuni zinatoka mlimani. Jedwali linaandika hekta za milangilangi upande wa kilimo, na miti iliyochomwa ili kuyakeneka maua inapungua upande wa msitu, kwenye ukurasa mwingine kabisa. Nzwani, ambako ndiko langilangi limeshamiri, mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Kuni za mitambo ni sababu moja. Nyingine ni mashamba ya chakula yanayopanda milimani mwaka hadi mwaka, maana bondeni kumejaa minazi na mikarafuu, na watu ni wengi. Unaona jinsi zao la kudumu linavyoweza kulisukuma zao la msimu kwenye miteremko mikali, na lenyewe likabaki limetulia pale chini bila kuongezeka hata hekta moja.

Halafu kuna vanila. Huu ni mmea unaotambaa, unaohitaji mti mwingine wa kuushikilia, mara nyingi mbono kaburi, na kivuli cha mnazi au mgomba juu yake. Ua lake lazima lichavushwe kwa mkono, moja moja, kwa kijiti, ufundi uliogunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekuwa mtumwa, Edmond Albius. Katika kipande kimoja cha Ngazija utakuta vanila, mbono, mnazi, na chini kabisa majimbi. Kwenye hesabu ya matumizi ya ardhi kipande hicho kinaingia mara moja tu. Kwa hiyo ile karibu asilimia 30 ya Komoro ndani yake kuna chakula kingi kilichojificha chini ya miti, kama vile kwenye shamba la baba mkubwa michikichi ilivyojificha chini ya mihogo.

Vanila pia inafundisha kwa nini mabadiliko ya ardhi hii huja kwa kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kimbunga kuharibu mashamba ya Madagaska, bei ya vanila ilipaa mno. Wakulima wa visiwani wakapanda. Lakini vanila huchukua kama miaka mitatu kutoa maua, na kufika 2004 na 2005 bei ilikuwa imeporomoka. Mkulima wa maharage akikosea bei, msimu ujao anabadilisha. Wa mti akikosea, anaishi na kosa lake muda mrefu, na mara nyingi hang'oi, anaacha kupalilia tu. Ndiyo maana hekta za mazao ya kudumu hupanda polepole, na zikianza kufa hufa kimya kimya kwa miaka kabla hazijafutwa kitabuni.

Isipokuwa upepo ukiingilia. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja kwa pigo moja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani na Ngazija, kikalaza migomba na minazi. Mahindi yakilazwa na upepo, familia inalia msimu mmoja. Mkarafuu ukilazwa, mtoto aliyezaliwa mwaka huo ataanza shule kabla mche wa kuuziba pengo haujatoa karafuu.

Na Shelisheli? Kule kopra, yaani mbata, na mdalasini ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa uchumi, mpaka uwanja wa ndege ulipofunguliwa mwaka 1971 na watu wakashuka kutoka mashambani kwenda kwenye hoteli. Mdalasini ukabaki mlimani peke yake ukiota bila kupandwa, na leo wahifadhi wanauona kama gugu.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo ambalo jedwali haligusi kabisa na ambalo mimi naona ndilo kiini cha yote. Mti wa kudumu hupandwa na mtu mwenye uhakika kwamba kesho atakuwa palepale. Uliza mtu yeyote wa Kigoma aliyewahi kuazima shamba. Mwenye ardhi atakuruhusu kulima mahindi, atakuruhusu maharage, mihogo pengine kwa shida kidogo. Atakukataza mchikichi na mwembe. Mwenye shamba anajua kwamba ukishapanda mchikichi, wanao watasema hapa baba alipanda, na baraza la ardhi litasikiliza. Hata serikali ikichukua ardhi kwa barabara, mthamini huhesabu miti mmoja mmoja. Mti ni shahidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hati ya hakimiliki ya kimila ili karatasi iwe shahidi pia, lakini vijijini kwetu bado watu wengi wanauamini mchikichi kuliko karatasi.

Huko Zanzibar desturi ilikwenda mbali zaidi: mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia zikagawiwa eka tatu tatu, zikiwa na mikarafuu na minazi iliyopandwa na mikono mingine kabisa. Na Ngazija kuna manyahuli, ardhi ya ukoo inayokwenda kwa upande wa mama. Kila mfumo wa namna hiyo unaamua nani anathubutu kupanda mti na nani anabaki na mihogo. Ukiona ardhi ya mazao ya kudumu inapungua kwenye kisiwa fulani, bei inaweza kuwa sababu, lakini uliza pia kama vijana wana ardhi ya kuiita yao. Wakomoro wengi wako Ufaransa, na pesa wanayotuma hujenga nyumba. Mche wa mkarafuu unataka mtu wa kuupalilia.

Kwetu Kigoma mchikichi umepata msukumo mpya. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kulisimamia zao hili, kituo cha Kihinga kilipewa kazi ya utafiti na mbegu bora, na gereza la Kwitanga na kambi ya JKT Bulombora zikaingia katika kuotesha miche. Sababu yenyewe ni kwamba zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya nchi hii yalikuwa yakitoka nje. Lakini sikiliza hili. Michikichi yetu ya kienyeji ni dura, ambayo chikichi lake lina kokwa nene na nyama kidogo. Tenera ina kokwa nyembamba na nyama nene, kwa hiyo mawese ni mengi zaidi kutoka mzigo uleule. Mkulima wa Mwandiga akiondoa dura akaweka tenera, mafuta yanaweza kuongezeka sana, na jedwali la ardhi litaonesha sifuri, kwa kuwa hekta ni ileile. Badiliko kubwa kuliko yote katika kilimo cha Kigoma linaweza kupita mbele ya jedwali hilo lisilione.

Nitoe tahadhari hapa, maana nimeona watu wakiumia. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na kokwa ngumu ambayo mara nyingi haizai vizuri. Ukiokota chikichi la tenera lililochavushwa na tenera mwenzake shambani ukaliotesha mwenyewe, wastani wa robo ya miche itarudi kuwa dura, na robo nyingine itakuwa pisifera. Ni nusu tu itakuwa tenera, na kwa macho huwezi kuzitofautisha mpaka zizae. Jirani mmoja alipanda hivyo, akasubiri miaka minne, na sasa anatazama miti mirefu yenye majani mazuri ambayo mikungu yake haimfikishi mashineni. Miche inunuliwe palipooteshwa mbegu iliyochavushwa kwa makusudi.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka hapo, akauliza swali ambalo lilinipendeza kuliko lile la kwanza: "Kwa hiyo shamba la babu Simbo lilihesabiwa kama nini?" Tukapanda bajaji mpaka barabara kuu, tukamalizia kwa basi, tukaenda kuangalia.

Michikichi sasa imempita mtu kwa mbali. Majani ya mstari mmoja yamekutana na ya mstari mwingine, na chini yake kuna giza lenye ubaridi hata saa sita mchana. Kina mama wawili walikuwa wanachambua chikichi kutoka kwenye mikungu, viganja vyao vimekuwa vyekundu, pipa likichemka pembeni. Mihogo haimo tena. Baba mkubwa alijaribu kupanda mwaka juzi ikatoka myembamba, miti mitupu bila viazi, kwa kukosa jua. Mdadisi akirudi leo hatahitaji kuuliza. Katika kitabu chake ekari moja itakuwa imehama kutoka msimu kwenda kudumu, ingawa michikichi ile ilikuwepo siku ile ya dodoso, na hakuna aliyepanda kitu kipya.

"Na ugali mnakula nini sasa?" mpwa wangu akamuuliza.

Baba mkubwa akaonesha kwa kidevu upande wa Kidahwe. Amekodi nusu ekari huko, anakwenda kwa baiskeli mara mbili kwa wiki, mihogo yake ina miezi saba. Mwenye shamba ni mtu mwema, alisema, hakumpandishia bei. Alimpa sharti moja tu, kwamba asipande mti.